UZI: Polikarpov I-15 "Chaika" kwa skeli ya 1:72, kuanzia boksi hadi waya ya mwisho

FundiMsasa

Wakuu, huu ni uzi wa kujenga modeli ya plastiki ya ndege moja tu: I-15, ndege ya kivita ya Kisovieti ya mabawa mawili, ile yenye bawa la juu lililopindwa katikati kama shakwe anayepaa. Ndiyo maana Warusi waliiita Chaika, yaani shakwe. Wahispania walitazama pua wakaiita Chato, mwenye pua bapa. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1933, rubani Valery Chkalov. Novemba 21, 1935, Vladimir Kokkinaki alipanda na I-15 iliyopunguzwa uzito hadi mita 14,575, rekodi ya dunia wakati huo.

Kabla ya gundi, vipimo. Bawa la juu la ndege halisi ni mita 9.75 kutoka ncha hadi ncha, urefu wa ndege mita 6.10. Kwa 1:72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, hiyo ni milimita 135.4 na 84.7. Kwa 1:48 ni 203.1 na 127.1. Chapisha mchoro wa ubavuni, wa juu na wa mbele, halafu upime mchoro wenyewe kwa rula. Printa ikiachwa na mpangilio wa "jaza ukurasa" inapunguza picha kimyakimya, na bawa la milimita 135 linatoka 130. Ukikata kiunzi, yaani umbo la kushikilia mabawa gundi ikikauka, kwa mchoro huo, kila kitu kitakaa sawa kwenye kiunzi na vibaya kwenye ndege.

Seti nyingi za I-15 ni za viwanda vya toleo dogo. Maana yake: hakuna vipini vya kulenganisha, plastiki laini, vinyama vya plastiki pembeni mwa kila kipande, na ukingo wa nyuma wa bawa mnene kama ubao. Unene wa milimita 1 kwenye 1:72 ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Bawa likiwa vipande viwili, suguza upande wa NDANI wa kila nusu juu ya msasa namba 240 uliobandikwa kwenye kioo, mpaka vikikutana ukingo uwe na milimita 0.3 hivi. Usisuguze nje, utafuta mbavu.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta ya kiwandani hayaonekani, lakini rangi itayaona.

Kibanio

Mkuu shukrani kwa uzi. Swali la kwanza ni lile linalosumbua kila anayejenga ndege ya mabawa mawili: bawa la juu kwanza au la chini? Kwenye ndege nyingine za enzi hizo unapaka rangi kila bawa peke yake, la juu unalikalisha mwisho juu ya vinguzo, zile nguzo fupi zinazolishika juu ya bodi (kiwiliwili cha ndege).

FundiMsasa

Hapo ndipo I-15 inapoachana na wenzake. Haina vinguzo vya katikati. Mashina ya bawa la juu, yaani ncha zake za ndani, yanaingia moja kwa moja kwenye mabega ya bodi, mbele ya rubani, na kiungo chake kinahitaji puti na msasa. Ukipaka kwanza na kubandika baadaye, utalazimika kuharibu rangi ili kuziba ufa. Kwa hiyo mabawa yote mawili yanakaa kabla ya rangi, na mihimili ya pembeni, ile inayounganisha bawa la juu na la chini, inakuja baada ya rangi.

Utaratibu wangu:

Kwanza funga bodi, chumba cha rubani kikiwa kimekamilika ndani. Suguza mshono wa mgongo na wa tumbo sasa hivi, kwa sababu mabawa yakishakaa kidole hakifiki.

Pili, bawa la juu. Kila shina litoboe mara mbili kwa keekee ndogo ya mkono, tundu la milimita 0.5, kina kama milimita 3, uingize vipande vya waya ya shaba. Toboa upande wa bodi kidogo zaidi, 0.6, upate nafasi ya kurekebisha. Gundi ya plastiki peke yake kwenye kiungo cha bapa kwa bapa haitashika uzito wa bawa, na ikishika leo itaachia siku ya kukaza waya. Tumia supaglu nzito kwenye waya na gundi nyembamba ya plastiki kwenye kingo.

Tatu, kiunzi. Kata kadibodi ngumu au foamu kwa umbo la mchoro wa mbele: mapindo mawili ya shakwe na mteremko wa mabawa ya nje. Geuza ndege chali ilale kwenye kiunzi. Acha saa 24. Saa sita hazitoshi, plastiki ikiwa bado laini bawa litazama taratibu usiku na asubuhi utakuta ncha moja imeshuka.

Nne, kagua. Simamisha ndege kwenye kioo, pima kimo cha kila ncha ya bawa. Tofauti ikizidi nusu milimita, fungua. Halafu pima kutoka ncha ya mkia hadi kila ncha ya bawa, pande mbili lazima zilingane. Mwisho bandika kijiti chembamba kilichonyooka cha sentimita 10 kwa tepu chini ya kila bawa, kikifuata upana wake mbele hadi nyuma, utazame kutoka ubavuni. Vijiti vinakuza kosa: bawa lililoinama digrii moja halionekani kwa macho, lakini kijiti chake kitakata kile kingine waziwazi.

Tano ndipo bawa la chini, na hapa mihimili ndiyo rula yako. Ishikishe kwa tepu bila gundi kati ya bawa la juu na la chini, gundi ya shina ikiwa bado mbichi. Mihimili ikigusa juu na chini bila kulazimishwa, acha ikauke. Kisha itoe, uiweke kwenye kijibakuli chenye alama ya KUSHOTO na KULIA. Msichanganye, kwenye toleo dogo pande mbili hazifanani kamwe.

Mzee wa Keekee

Naongeza kwenye la tano. Mhimili wa I-15 ni mmoja kila upande, umbo la herufi I, miguu yake imepanuka juu na chini. Mguu huo uliopanuka ndio unaoshika mwinamo wa bawa. Ukisuguza mguu wa juu zaidi nyuma kuliko mbele, umeshabadilisha mwinamo wa bawa zima. Kwa hiyo mhimili ukiwa mrefu, punguza kwa kuuvuta wima juu ya msasa, misuguo mitano, pima, misuguo mitano tena. Usitumie tupa.

Na msiweke risasi wala vipande vya chuma puani. Ndege hii inakalia mkia, chini yake kuna ubao wa kuburuta. Uzito wa bure puani unapinda miguu ya plastiki laini.

Rashasha

Injini jamani, maana pua bapa ndiyo sura yenyewe. I-15 za mwanzo zilikuwa na M-22, ambayo ni Jupiter ya Gnome-Rhône iliyotengenezwa kwa leseni, za baadaye M-25, ambayo ni Wright Cyclone ya Marekani kwa leseni vilevile. Zote mbili zina silinda 9 kwa mduara, ila boneti zake, yaani vifuniko vya injini, hazifanani, kwa hiyo amua unajenga ipi kabla ya kukata chochote.

Kipenyo cha M-25 ni kama mita 1.37, kwa 1:72 unatafuta milimita 19. Injini ya seti ikiwa 17, itaogelea ndani ya boneti.

Silinda 9 maana yake digrii 40 kati ya moja na nyingine. Silinda moja inasimama wima JUU kabisa, saa sita kamili, na chini kabisa panakuwa na nafasi kati ya silinda mbili. Injini iliyogeuzwa, silinda ikining'inia chini, ni kosa ambalo picha ya mbele inalifichua hapohapo. Chora mstari kwa penseli nyuma ya injini na ndani ya boneti kabla ya kubandika.

Vijiti vya kusukumia vali ni viwili kwa kila silinda, jumla 18. Seti nyingi zinavichonga kama uvimbe tu. Waya ya shaba ya 0.2 inatosha: ikunjue kwa kuiviringisha kati ya vipande viwili vya kioo, kata vyote 18 kwa mkupuo mmoja juu ya tepu ili urefu ulingane. Ukikata kimoja kimoja kwa jicho, cha kumi na nane hakitafanana na cha kwanza.

Rangi ya injini: silinda nyeusi, kisha brashi kavu yenye fedha kidogo sana juu ya mapezi. Kifuko cha mbele kijivu. Ukimaliza, mimina rangi nyeusi iliyopunguzwa kwa thina izame katikati.

Bunduki ni PV-1 za milimita 7.62, zimetokana na Maxim. I-15 kamili inabeba nne, nyingine zilibeba mbili. Mitutu ya plastiki tupa. Sindano ya hospitali, ile nyembamba, ina tundu tayari. Ikate kwa kuibingirisha chini ya wembe huku ukikandamiza kidogo, ukitumia koleo utabana tundu lizibe. Na vaa miwani, vipande vinaruka.

Binti Rangi

Naomba nibishe kuhusu mbavu za bawa kabla watu hawajafika kwenye praima (rangi ya msingi). Naona kila mtu anasifia seti yenye "kitambaa kilicholegea vizuri". Kitambaa cha ndege kilipakwa dawa ya kukikaza, kikawa kama ngozi ya ngoma. Bonde la milimita 0.3 kati ya mbavu ni zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege halisi, hiyo ni ndege iliyonyeshewa mwezi mzima. Mimi nasuguza mbavu zote kwa msasa namba 800 kisha 1000 wa maji, mpaka zionekane kwa mwanga wa ubavuni tu.

Kumbukeni pia wapi pana kitambaa na wapi pana bati. Bodi ni mifupa ya mabomba ya chuma: mbele mabati, nyuma kitambaa. Mabawa ni mbao na kitambaa. Kwa hiyo michubuko ya fedha inayoonyesha chuma nenda nayo kwenye boneti na mabati ya mbele, basi. Nimeona modeli nyingi zenye madoa ya fedha katikati ya bawa. Chini ya rangi hiyo hakuna chuma.

Kibanio

Dada Binti Rangi, kwa toleo dogo nakubali. Ila ukisuguza baada ya kubandika mabawa, uso wa chini wa bawa la juu haufikiki.

Binti Rangi

Ndiyo maana nimesema kabla. Vipande vikiwa bado mezani.

Sasa rangi. Ya kawaida ni kijani cha jeshi juu na samawati nyepesi chini. Anza na samawati, kwa sababu sehemu ngumu ni chini ya bawa la juu na pembe za mashina. Brashi ya hewa iwe na presha ndogo, uingie kutoka nyuma ukielekea mbele, kisha kutoka ncha ukielekea shina. Ukipiga kutoka mbele tu, hewa inagonga bodi na kurudi, rangi inakauka kabla ya kutua, unapata ukwaruzo kama wa msasa hasa pale kwenye pindo la shakwe. Zuia kwa tepu, kisha kijani. Kijani kijaribiwe nyuma ya kijiko cha plastiki, kisubiri kukauka ndipo uhukumu. Kwa 1:72 ongeza nyeupe kidogo, tone moja kwa kumi, maana rangi halisi kwenye kitu kidogo huonekana nzito.

Kwa ya Kisovieti, nyota nyekundu, mara nyingi zenye ukingo mwembamba mweusi. Kwa ya Jamhuri ya Hispania, mikanda myekundu kwenye bodi na mabawa, usukani wa mkia wa rangi tatu: nyekundu, njano, zambarau iliyokolea. Namba zinaanza na CA. Mikanda myekundu ipake, usitumie stika: stika ya mkanda haizunguki mviringo wa bodi bila kukunjamana. Weka njano au waridi chini ya nyekundu, la sivyo kijani kitapenya na nyekundu itakuwa kahawia.

Stika zilizogeuka njano kwa uzee: zifunge kwenye mfuko wa plastiki angavu, uzibandike dirishani penye jua siku kadhaa. Njano inaondoka.

Mtoto wa Pwani

Kwa tulio Dar, Tanga, Mombasa, Unguja: rangi ya laka kwenye unyevu inageuka nyeupe kama ukungu, hasa vanishi. Thina ikipaa kwa kasi inapooza uso, maji ya hewani yanaganda juu yake kabla laka haijafunga. Piga mchana, saa saba hadi tisa, unyevu ukiwa umepungua, siyo alfajiri wala baada ya mvua. Weka thina ya kukawiza kukauka, asilimia 10 hivi ya mchanganyiko. Ukungu ukishatokea usisuguze: nyunyiza thina hiyo ya kukawiza peke yake, pazia jembamba sana, laka inalainika na maji yanatoka. Kompresa bila kichungi cha maji msijaribu.

Nyuzi Nne

Nimesubiri zamu yangu. Waya.

Kila upande kuna msalaba. Waya za kubebea zinapanda kutoka shina la bawa la chini hadi kichwa cha mhimili. Hizi ndizo zinazobeba mzigo ndege ikiwa angani, bawa linapovutwa juu. Waya za kutulia zinashuka kutoka shina la bawa la juu hadi mguu wa mhimili, zinashika mabawa ndege ikiwa chini. Kabla ya kutoboa, hesabu waya kwenye picha ya ndege unayoiiga, usitegemee mchoro wa boksi peke yake.

Kwenye ndege halisi hazikuwa waya za mviringo, zilikuwa tepe za chuma bapa, ukali ukitazama mbele. Kwa 1:72 ubapa huo hauonekani. Kwa 1:48 unaonekana, na waya laini ya shaba ya 0.15 ukiipitisha chini ya rula ya chuma huku ukikandamiza inakuwa bapa.

Kwa 1:72, mshipi wa kuvulia wa 0.10 ni milimita 7.2 kwa kipimo halisi. Umekaa vizuri. Mshipi wa 0.20 ni zaidi ya milimita 14, hiyo ni kamba ya kufungia mbuzi.

Matundu yatobolewe KABLA ya rangi, kwa kekee ya 0.3, ukizungusha kwa vidole bila kusukuma. Juu kwenye kichwa cha mhimili tundu lisitokee upande wa pili, kina milimita 1 inatosha. Chini tundu lipite bawa zima. Tundu lielekee upande waya inakotoka. Likiwa wima waya itavunjika kona pale inapoingia, na kona hiyo inaonekana kuliko waya yenyewe.

Baada ya vanishi ya mwisho, bandika mihimili. Subiri siku moja. Ingiza mshipi juu na tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, siyo kutoka kwenye chupa. Ikishika, pitisha chini, ning'iniza kibanio chepesi cha nguo kama uzito, tone jingine, kata kwa wembe mpya, puti kidogo, gusa rangi.

Anza na za kutulia pande zote mbili, kisha za kubebea. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, bawa litavutwa na kiunzi chote cha FundiMsasa kitakuwa kazi bure.

Rashasha

Kwa nini usitumie uzi wa mpira tu? Unanyooka wenyewe, na mtu akiugusa haukatiki.

Nyuzi Nne

Unafaa, hasa kwa waya fupi za mkia. Tatizo ni mbili. Unavutwa na mtu ambaye hajui wakati wa kuacha: ukiunyoosha zaidi ya mara moja na nusu unakuwa mwembamba katikati na mnene kwenye ncha. Na supaglu ikiwa nyingi inapanda juu yake, inaugandisha kipande, pale unang'aa kama kioo.

Mshipi uliolegea nao una dawa. Washa kijiti cha udi, pitisha kaa lake chini ya mshipi, umbali wa sentimita moja, ukitembea bila kusimama. Nailoni inajikaza. Ukisimama sekunde moja zaidi unakatika, na ukiwa karibu na bawa plastiki inapinda. Uzi wa mpira msiupelekee moto kabisa.

Mzee wa Keekee

Kioo cha rubani kidogo. Darubini ya kulengea ya OP-1 inapita katikati ya kioo cha mbele. Kutoboa plastiki angavu ya toleo dogo ni kutafuta ufa. Kata darubini vipande viwili, kimoja kibandike nje ya kioo, kingine ndani, vikitazamana. Hakuna atakayejua. Na gundi iwe ile nyeupe ya mbao, supaglu inatoa mvuke unaotia kioo ukungu usiofutika.

Mdau Mpya

Wakuu, nina seti ya I-15bis, lile toleo la baadaye. Naweza kuigeuza I-15?

FundiMsasa

Usijisumbue mkuu. Bis ina bawa la juu lililonyooka, linakaa juu ya vinguzo vya katikati, boneti ndefu, na bodi si ileile. Shakwe aliondolewa kwa sababu marubani walilalamika mapindo yanawaziba macho wakati wa kupaa na kutua, akarudishwa kwenye I-153, toleo lililofuata, ambalo miguu yake inakunjwa. Utabadilisha bawa, boneti na pua, utabaki na mkia. Jenga bis kama bis. Ina historia yake, ikiwamo mapigano ya Khalkhin Gol, Mongolia, mwaka 1939.

Kibanio

Mabawa yangu yako sawa kwenye kioo, vijiti vinalingana. Nimeweka waya za kubebea, ncha ya kushoto imeshuka milimita moja. Mihimili haijaachia.

Nyuzi Nne

Waya ya kubebea inavuta kichwa cha mhimili chini, na kushoto uzito wako ulikuwa mkubwa. Kata ya kushoto peke yake katikati, usiing'oe kwenye matundu kwanza. Acha ndege kwenye kiunzi usiku mzima uone kama bawa linarudi. Likirudi, toa mabaki kwa keekee ya 0.3 kutoka chini, weka mshipi mpya na kibanio kimoja tu cha plastiki, siyo cha mbao. Lisiporudi, kagua shina la juu: tazama kwa taa kutoka nyuma. Ukiona mstari mwembamba kwenye puti, waya ya shaba imeachia ndani. Hapo dondoshea supaglu nyembamba kwenye ufa huo ndege ikiwa chali kwenye kiunzi, kabla ya kugusa waya yoyote.